Udongo Tifutifu wa Mashamba ya Dodoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa mashambani, nikiwa na jembe mkononi au nimekaa ukingoni mwa shimo. Wengi walioyauliza ni wakulima wa Chamwino, Kongwa, Bahi na Mpwapwa. Wengine ni watumishi waliohamia Dodoma na kununua ekari zao za kwanza wakiwa na matumaini makubwa. Majibu mengine ni marefu kwa sababu swali lenyewe limebeba fedha ya mtu.

Tifutifu ni udongo gani hasa?

Ni udongo ambao mchanga, silti na mfinyanzi vimechanganyika kiasi kwamba hakuna kimoja kinachowatawala wenzake. Mchanga ni zile chembe kubwa, kuanzia milimita 2 kushuka hadi 0.05. Mfinyanzi ni chembe zisizofika milimita 0.002, ambazo jicho haliwezi kuziona. Silti iko katikati, na ikiwa kavu huteleza vidoleni kama unga wa muhogo. Kwa kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu, tifutifu kamili ina mfinyanzi asilimia 7 hadi 27, silti asilimia 28 hadi 50, na mchanga usiozidi asilimia 52.

Angalia jinsi mfinyanzi ulivyo mdogo katika hesabu hiyo. Mfinyanzi kidogo una nguvu nyingi: ndio unaoshika maji, ndio unaoshika virutubisho, na ndio unaofanya udongo ung'ang'anie jembe. Mtu akichanganya mchanga nusu na mfinyanzi nusu hajapata tifutifu. Amepata mfinyanzi wenye mchanga, na atauona ukishakauka.

Dodoma tifutifu kamili ni adimu. Udongo tunaouita hivyo huwa ni tifutifu kichanga kwa juu, na ukishuka sentimita 30 au 40 unakutana na tabaka lenye mfinyanzi zaidi. Sababu iko kwenye mawe. Sehemu kubwa ya Tanzania ya kati imekaa juu ya miamba ya kale sana ya granaiti na naisi, yale majabali unayoyaona yamechomoza hata katikati ya mji. Miamba ya aina hiyo ikichakaa hutoa mchanga mwingi na mfinyanzi, lakini silti kidogo.

Nitaujuaje kwa mkono, bila maabara?

Waulize wazee waliojenga tembe. Udongo wa kuezekea tembe ulichaguliwa kwa vidole: wenye mchanga mwingi unaporomoka, wenye mfinyanzi mwingi unapasuka jua likiwaka na kuvuja mvua ikinyesha. Fundi aliufinya, akausikiliza, akaukubali au akaukataa. Kipimo cha mkulima ni kile kile.

Chukua udongo wa kujaa kiganja, toa mizizi na vijiwe, nyunyiza maji kidogo kidogo huku ukiukanda mpaka uwe kama ugali uliokaza. Ufinye kati ya kidole gumba na cha shahada uusukume utoke kama utepe. Usipotoa utepe kabisa na ukabomoka mkononi, ni kichanga. Utepe ukikatika kabla ya kufika sentimita 2.5, uko kwenye familia ya tifutifu. Ukienda hadi sentimita 5, ni tifutifu yenye mfinyanzi. Ukipita hapo bila kukatika, ni mfinyanzi. Kisha lowesha kipande kidogo kiganjani ukisugue. Kikikwaruza, mchanga ni mwingi. Kikiteleza kama unga, silti ni nyingi. Kikinata, ni mfinyanzi.

Unaweza pia kutumia chupa ya maji yenye pande zilizonyooka. Tia udongo uliosagwa hadi theluthi, jaza maji, ongeza chembe chache za sabuni ya unga, tikisa dakika kadhaa, iweke mahali isipoguswa. Mchanga unatua ndani ya dakika moja hivi, silti inachukua saa kama mbili, mfinyanzi unahitaji siku nzima au zaidi. Pima unene wa kila tabaka kwa rula. Kipimo cha chupa si sahihi sana, hasa kwa mfinyanzi, lakini kinatosha kukuzuia kununua mbegu isiyofaa.

Rudia kipimo kwa udongo wa kina cha sentimita 50. Watu karibu wote hupima wa juu tu, na hapo ndipo wanapokosea.

Basi "tifutifu" ndilo jina la kitaalamu la udongo wangu?

Hapana, na mkanganyiko mwingi huanzia hapa. Tifutifu ni sifa ya mchanganyiko wa chembe, kama kusema mtu ni mrefu. Urefu haukuambii ni mtoto wa nani. Mashamba mawili yanaweza kuwa ya tifutifu yote mawili, moja likawa na tabaka jeusi la mboji lenye kina cha mita nusu, na jingine likawa na sentimita 10 tu juu ya kokoto.

Jina la uainishaji linatokana na matabaka: yako mangapi, yana kina gani, rangi gani, yana chokaa au chumvi, na kama mfinyanzi umeshuka kutoka juu kwenda chini. Mrusi Vasily Dokuchaev ndiye aliyeweka msingi wa kuutazama udongo hivyo, katika kazi yake ya mwaka 1883 kuhusu udongo mweusi wa Urusi. Alionyesha kwamba udongo ni kitu chenye maisha yake, kinachozaliwa na mwamba, hali ya hewa, viumbe, sura ya nchi na muda. Kabla yake wengi waliuona kama mwamba uliosagika tu.

Leo kuna mifumo miwili mikubwa. Mmoja ni wa kimataifa, unaogawa udongo wa dunia katika makundi makuu 32. Mwingine ni wa Marekani, wenye oda 12. Ripoti za Tanzania hutumia wowote kati ya hiyo, kwa hiyo usishangae shamba moja likiwa na majina mawili.

Mashamba ya Dodoma yana aina zipi za udongo?

Nitataja zile utakazokutana nazo kweli. Udongo mwekundu au wa kahawia nyekundu ambao mfinyanzi umejikusanya chini huitwa Luvisoli au Liksisoli. Tofauti yao ni nguvu ya mfinyanzi wenyewe: wa Luvisoli unashika virutubisho vingi, wa Liksisoli umechakaa na unashika vichache. Kwa macho huwezi kuzitenganisha. Maabara ndiyo inayoamua. Mfumo wa Marekani huziweka nyingi kati yake katika oda ya Alfisoli.

Mchanga mtupu unaoendelea hadi mita moja kwenda chini ni Arenosoli. Uwele na njugu mawe wanauvumilia, mahindi yanalia. Penye mwamba ndani ya sentimita 25 ni Leptosoli, na hapo achia mbuzi na miti. Udongo mchanga kwa umri, ambao matabaka yake ndiyo kwanza yanaanza kujitenga, ni Kambisoli. Kandokando ya mito ya msimu, ambako kila furiko limeacha tabaka lake, ni Fluvisoli, na mboga hustawi. Mfinyanzi mweusi wa mabondeni, unaopasuka kiangazi, ni Vertisoli. Penye sodiamu nyingi ni Solonetsi, ambayo nitaieleza kwenye swali la unga mweupe.

Nimenunua ekari tano. Juu ni nyekundu, katikati ni kijivu na ngumu, chini ni nyeusi. Je, inawezekana kwenye shamba moja?

Inawezekana, na huku ndiyo kawaida. Swali hili nalipenda kuliko yote.

Miaka ya 1930 mwanakemia wa udongo aitwaye Geoffrey Milne, aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, Tanga, alizunguka Tanganyika akiandaa ramani ya udongo ya Afrika Mashariki. Akakuta tatizo: kila kilima kilikuwa na udongo wa aina nne au tano, na ramani haikuwa na nafasi ya kuzichora zote. Lakini aliona kwamba zilipangana kwa utaratibu ule ule kutoka kilima hadi kilima. Akaipa hali hiyo jina la Kilatini, katena, maana yake mnyororo. Neno hilo sasa linafundishwa katika vyuo vya udongo duniani kote, na lilizaliwa kwenye miteremko yetu.

Wasukuma walikuwa wameshaujua mnyororo huo kwa majina: luseni ni mchanga wa juu, itogolo ni ule mgumu wa katikati, mbuga ni mweusi wa chini. Mtaalamu alikuja akawakuta wenye mashamba wameshaainisha.

Unavyofanya kazi ni hivi. Juu ya mteremko maji hayatuami, hewa inapita, na chuma kilichomo kinapata kutu. Ndiyo rangi nyekundu. Mvua inapochuja, chembe ndogo na chumvi zinateremka. Katikati, maji hukaa kwa muda kisha yanaondoka, rangi inafifia, na mara nyingi kuna tabaka linaloziba. Chini kabisa ndiko kunakopokea vyote: mfinyanzi, chokaa, wakati mwingine na sodiamu. Kwa hiyo ekari zako tano ni ukoo mmoja wa ndugu watatu wenye tabia tofauti. Usiwape zao moja. Juu weka uwele au alizeti, na karanga kama udongo haujifungi. Chini, kama maji yanasimama, fikiria mtama au mpunga wa majaluba. Katikati pana kazi, na mimi ningeanza pale na samadi kabla ya mbegu yoyote ya bei.

Udongo mweusi wa mbuga si ndio ule ule unaolisha Marekani na Ukraine?

Rangi ni moja, asili ni mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu neno. Mtu wa mjini akisikia mbuga anafikiria tembo na simba. Mkulima wa huku akisema mbuga anamaanisha bonde la udongo mweusi. Nyanda za Marekani na Canada ni kitu cha tatu: nchi tambarare ya nyasi ndefu, yenye majira ya baridi kali.

Udongo wa nyanda zile, hasa katika majimbo ya Iowa na Illinois, umezaliwa juu ya vumbi laini lililopeperushwa na upepo na vifusi vilivyoachwa na barafu kubwa za kale. Vumbi lile ni silti tupu, kitu ambacho granaiti yetu hainacho. Kwa maelfu ya miaka nyasi zilishusha mizizi mingi kila mwaka, na mizizi hiyo ikafa palepale chini ya ardhi. Baridi ilizuia vijidudu kuimaliza. Mboji ikarundikana mpaka tabaka la juu likawa jeusi, laini, lenye kubomoka kwa urahisi mkononi hata likiwa kavu. Mfumo wa Marekani unaita udongo wa namna hiyo Molisoli. Sehemu ya jamii hiyo ndiyo Chenozemu ya Ukraine, Urusi na Canada, na neno lenyewe kwa Kirusi linamaanisha udongo mweusi.

Mbuga yetu ni nyeusi kwa sababu nyingine. Mfinyanzi wake ni wa aina inayovimba ikilowa na kusinyaa ikikauka, na mboji kidogo iliyomo imeshikamana nao kwa nguvu, ikaupaka wote rangi. Ukiupima, mboji si nyingi kama rangi inavyodai. Vertisoli lazima iwe na mfinyanzi asilimia 30 au zaidi. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mkono mzima. Masika huziba, ukavimba, matabaka yakasukumana hadi yakaacha nyuso zinazong'aa kama zimepigwa mwiko. Ukichimba utaziona.

Kwa hiyo mtu asikuuzie bonde kwa bei ya Ukraine. Ila asikudharaulishe pia. Mbuga ina kalsiamu na magnesiamu nyingi na inahifadhi maji kwa muda mrefu. Shida yake ni muda wa kulima: ikiwa kavu ni jiwe, ikiwa mbichi ni gundi, na siku za katikati ni chache. Anayezijua siku hizo anavuna.

Mkulima wa Illinois ana shida ambayo kwetu ni kinyume. Sehemu kubwa ya mashamba yale yalikuwa yanatuama maji, wakalazimika kuzika mabomba ya kuyatoa. Sisi tunapata milimita 500 hadi 700 za mvua kwa mwaka, msimu mmoja, kati ya Desemba na Aprili, na kazi yetu ni kuhakikisha tone halitoki. Ushauri wa kilimo ulioandikwa kwa ajili ya udongo wao usiuhamishie Chamwino bila kuupima.

Kwa nini udongo mwekundu ukikosa mvua wiki mbili unakuwa kama saruji?

Kwa sababu una mboji kidogo, mchanga mwembamba mwingi, na mfinyanzi usiovimba. Matone ya mvua yanavunja mabonge madogo. Chembe zinaelea, zinatua zikijipanga kwa kubanana, na jua likiwaka zinashikana. Juu unaona gamba jembamba linalong'aa. Mche wa mtama unalisukuma unashindwa. Tifutifu ya nyanda za Marekani haifanyi hivyo kirahisi kwa sababu mboji inashikilia mabonge yake.

Kongwa ina ushuhuda mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha pale Mpango wa Karanga, kwa matrekta na mashine nyingi. Walitazama udongo ukiwa umefunguka, wakauona unafaa. Kiangazi kilipofika ukakaza, karanga zikang'ang'ania ardhini zisichimbike, na chembe kali za mchanga zikala vyuma vya majembe. Mvua nayo haikuja walivyotarajia. Mpango ukaachwa mwaka 1951, ukiwa umemeza takriban pauni milioni 36. Sababu zilikuwa nyingi, lakini udongo ungeweza kuwaambia mapema kama wangeuchimba katika majira mawili badala ya moja. Karanga inachavushwa juu kisha inatoboa ardhi kwa kikonyo chake ili izae chini. Udongo unaojifunga ni mlango uliofungwa kwa zao hilo.

Kuberega ni vibaya?

Inategemea. Kuberega, yaani kukwangua magugu na kupanda bila kutifua, kunamwezesha mtu kuwahi mvua ya kwanza, na kuwahi ni nusu ya mavuno huku. Kwenye mchanga mwepesi hakuna neno. Kwenye udongo mwekundu unaojifunga, maji ya mvua hizo hizo yanateleza juu ya gamba yanakwenda kwa jirani. Hapo ningependa upasue mistari kabla ya mvua kwa jembe la kupasulia linalokokotwa na ng'ombe, bila kugeuza ardhi yote, au uchimbe mashimo ya Chololo. Hayo yameitwa kwa jina la kijiji cha Chololo hapa Dodoma: mapana ya sentimita 20 na ushee, kina cha 30, samadi ndani, udongo uliotolewa unawekwa upande wa chini wa mteremko. Ni kazi ngumu mwaka wa kwanza.

Udongo unapotea kiasi gani kweli?

Mpwapwa ina jibu la zamani. Miaka ya 1930 vilianzishwa pale viwanja vya kupimia mmomonyoko, miongoni mwa vya kwanza kabisa Afrika. Kwenye mteremko mdogo tu, ardhi iliyoachwa tupu ilipoteza karibu nusu ya maji ya mvua na tani 146 za udongo kwa hekta kwa mwaka. Iliyolimwa mtama na uwele ilipoteza karibu robo ya maji na tani 78. Penye nyasi au kichaka kisichochungwa, udongo haukutoka kabisa kwa kipimo chao.

Weka hesabu hiyo kwenye ekari yako. Milimita moja ya mvua kwenye ekari ni kama lita 4,000. Kama msimu una milimita 600 na nusu inakimbia, umepoteza lita milioni 1.2, halafu tunasema mvua imetunyima. Kinachotoka kwanza ni chembe ndogo na mboji, yaani ile sehemu ya tifutifu inayoifanya iwe tifutifu. Kinachobaki ni mchanga.

Kondoa ilifika mbali zaidi. Makorongo ya milima ya Irangi yalifanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika. Uoto ulirudi. Familia zilizotengana na ng'ombe wao ziliumia, na hilo lisifichwe tunaposifia majani yaliyoota. Kinga maji za kontua, yaani zinazokata mteremko kwa usawa, matete na nyasi kwenye kingo, vikiwekwa mapema, vinaepusha kufikishwa huko.

Nitie samadi kiasi gani ili udongo wangu uwe mweusi?

Rangi nyeusi usiifukuzie. Fanya hesabu nami. Udongo wa ekari moja kwa kina cha sentimita 15 una uzito wa karibu tani 800. Kuongeza mboji kwa asilimia moja tu ni tani 8 za mboji iliyokwishatulia, na samadi nyingi huliwa na vijidudu kabla haijawa mboji, hasa kwa joto letu. Utahitaji mikokoteni mingi sana kwa miaka mingi.

Kwa hiyo weka samadi panapoota mmea: kwenye shimo au mstari, kopo moja au mbili kila shimo, iliyoiva. Samadi mbichi ina mbegu za magugu na inaweza kuunguza. Bakiza mabua shambani kadiri mifugo inavyoruhusu. Najua hapo ndipo ugumu ulipo, maana Septemba ng'ombe nao wanakula nini?

Ukitaka kuona samadi inavyofanya kazi, nenda kwenye mahame, palipokuwa na boma la zamani. Mahindi ya pale yanakuwa na kijani kingine miaka mingi baada ya watu kuhama. Hata udongo wa kichuguu una mfinyanzi na madini zaidi ya ulioko pembeni. Wakulima wanaousambaza wanajua wanachofanya.

Mbolea za chumvichumvi zinaua ardhi?

Hapana, zikitumiwa kwa kipimo. Ila kwenye udongo usioshika maji unamlisha mmea usio na cha kunywa. Tengeneza maji kwanza. Tatizo jingine ni kutumia urea peke yake miaka mfululizo, ambayo huongeza uchachu, yaani asidi ya udongo, polepole. Fosfeti ya Minjingu, mbolea ya mawe yaliyosagwa, inayeyuka vizuri zaidi kwenye udongo wenye uchachu. Kwenye mbuga yenye chokaa usiitegemee.

Shamba langu la Bahi lina unga mweupe juu. Ni chokaa?

Inaweza kuwa chokaa, chumvi au magadi, na tiba zake ni tofauti. Bonde la Bahi linapokea maji ya mto Bubu na halina njia ya kuyatoa baharini. Maji yanapanda juani, chumvi inabaki. Dondoshea siki: ukichemka mapovu, kuna kabonati, yaani chokaa au magadi. Kama unga unayeyuka kwenye maji na una ladha ya chumvi, ni chumvi. Kama udongo ukilowa unakuwa telezi na maji yanabaki juu yakiwa ya tope siku nzima, shuku sodiamu, na hiyo ndiyo Solonetsi. Chokaa ya kawaida haitasaidia hapo. Jasi husaidia, pamoja na maji safi ya kusuuza na mfereji wa kutolea. Pasipo mfereji, umwagiliaji unaongeza tatizo.

Zabibu zinataka udongo gani?

Wenye kina, usiotuamisha maji, mizizi ishuke mita moja bila kugonga. Udongo mwekundu wa Makutupora na Hombolo umefaa kwa sababu hiyo. Mzabibu hauhitaji rutuba ya kupindukia. Ukishiba sana unatoa majani. Pima na maji ya kisima chumvi kabla ya kununua mabomba ya matone.

Sampuli ya maabara huchukuliwaje?

Usichanganye ndugu. Ekari zako zikiwa na rangi tatu, ni sampuli tatu. Niliwahi kuchanganya mwekundu na mweusi katika mfuko mmoja, nikaletewa majibu ya udongo usiokuwepo popote duniani, nikamshauri mtu kwa majibu hayo. Msimu ule bado unaniuma.

Kwa kila sehemu tembea kwa zigizaga, chota mahali 15 hadi 20 kwa kina cha sentimita 20, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, bakiza nusu kilo, anika kivulini. Ruka vichuguu, mahame, njia za ng'ombe na palipomwagwa mbolea. Maabara za Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, na za Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) Mlingano, Tanga, zinapima udongo. Omba uchachu, mboji, naitrojeni, fosforasi, potasiamu na uwiano wa chembe. Kwa mabondeni ongeza chumvi na sodiamu.

Nichimbe shimo la kukagua shamba mwezi gani kabla sijanunua?

Mara mbili. Oktoba uone ugumu, nyufa, na mizizi ya mwaka jana iliishia wapi. Februari uone maji yanasimama wapi na yanaingia hadi kina gani siku moja baada ya mvua. Shimo liwe la kuingia mtu, kina mita moja au mpaka mwamba, ukuta mmoja ukitazama jua. Choma ukuta huo kwa kisu kuanzia juu kushuka: kisu kitakwambia palipokaza kabla ya jicho. Weka alama kila rangi inapobadilika, pima kwa rula, finya udongo wa kila tabaka utoe utepe, piga picha. Ukikuta madoa ya kijivu na kutu kwenye sentimita 40, maji hukaa hapo hata kama muuzaji anasema hayakai.

Muuzaji akikataa usichimbe, ondoka. Akikubali, fukia shimo vizuri kabla ya jioni, maana ng'ombe hupita usiku.